Kiwanja Hiki Hakiuzwi

Wanasema Dar haina mwenyeji.
Mimi nimewahesabu saba
nyuma ya karakana ya mageti, Kinyerezi,
katika kiwanja chenye ukuta upande mmoja
na maandishi ya rangi nyekundu:
HAKIUZWI. OGOPA MATAPELI.

Kazi yangu ni cherehani. Sikusomea majani.
Nilianzia kwa Sikudhani, jirani yangu,
siku aliyochanganya sabuni ya unga na majivu
aumwagie mdimu wake ulioliwa hadi vikonyo.
Nikamwomba tawi moja.
"La nini?"
"La haya mavi ya ndege," nikasema,
maana ndivyo walivyoonekana viwavi wale,
weusi wenye doa jeupe, wamejibana juu ya jani,
mpaka nilipomgusa mmoja kwa ncha ya penseli
akachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa
zikanuka kama ganda la dimu lililovunda.

Nikamweka kwenye kopo la siagi.
Nikampa mchicha. Akageuza kichwa.
Jani la mwembe, la mpera,
matembele ya mia tano, mabichi kabisa:
hakugusa. Siku mbili alikaa na njaa yake
kama mtu mwenye nadhiri.
Siku ya tatu, ile ya kumpa mgeni jembe,
nikampa jani la mdimu.
Akala kwa pupa,
na wiki mbili baadaye akawa pupa.
Kiswahili kina utani wake.

Basi hawa hawali majani.
Wanakula ukoo. Nje ya ukoo ni kufa.

Sasa kila Jumapili naingia kiwanjani,
futi shingoni kwa mazoea, daftari la wateja mkononi,
na nyuma ya kiuno cha Mama Nuruana na bega la shemejiye
naandika: mjohoro, yule mweupe wa kimanjano,
anataga mbiombio kama anayeikimbia mvua.
Mkunazi, wale wadogo wa samawati,
ukubwa wa kifungo cha shati la shule.
Mstafeli uliojiotea penye taka. Bado namngoja wake.

Jike haulizi mtu.
Hutua, hupigapiga jani kwa miguu ya mbele,
kwa kuwa huonja kwa miguu,
kama mimi nitambuavyo pamba na nailoni
kwa vidole, macho nimefumba.
Likiwa silo, huondoka bila kuaga.

Mmoja umenishinda: ule wa utomvu mweupe.
Ombeni wa chuo alinitajia kwa Kilatini, nikasahau.
Bi Mwajabu wa gengeni anasema kwao Kisarawe
waliupaka upele, ila jina limemtoka.
Nimeuachia mstari mtupu.
Kiwavi wake ana milia, na ndege akimdonoa hutapika:
sumu ya mwenyeji imekuwa ngao ya mgeni.

Jumanne akaja kijana na mashine ya kufyekea.
Mtaa umelalamikia nyoka, mwenye kiwanja kamtuma.
Nilikuwa nimesikia tangu jana yake.
Usiku nilikwenda na mabaki ya satini nyekundu
nikafunga mashina yote saba, fundo la suruali.
Akaviona. Akazima mashine.
"Mama, hivi ni vya mganga?"
Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.
Akanyoa kiwanja kizima, ila hapo
alipita mbali, akitema mate kila mara.
Ukutani: OGOPA MATAPELI.
Nikajitazama viatu.

Jioni Sikudhani amesimama mlangoni kwangu.
Ameona vichaka saba vimebaki kama nywele za mtoto
aliyemkimbia kinyozi.
Anapima maneno, anatazama cherehani, ananitazama.
"Hebu nikatie kitambaa," anasema.
"Tawi moja tu la mdimu. Lile la ukutani.
Mengine yote ni yangu."